Maziwa ya Korongoni

Mbwa wa Addi waliacha kumbwekea Tuda siku ya Jumanne, na yeye kwa ujinga wake akashukuru.

Anayeishi katika bonde letu hahitaji kuelezwa mbwa wa Addi. Ni sita, wakubwa kama ndama, masikio yamekatwa ili mbweha asipate pa kuuma, na Addi mwenyewe hushinda mlimani na kondoo akawaacha wazurure watakavyo. Ukitoka kijijini kwenda chemchemi huna njia ila ile inayopita chini ya zizi lake, inashuka korongoni, inapanda ng'ambo. Kwanza unaona vumbi. Halafu unasikia. Hapo unafanya afanyacho kila mtu tangu utotoni: unainama. Si lazima jiwe liwepo. Unainama, unagusa ardhi, unainua mkono kama uliyeshika kitu, na mbwa wanageuka wote kwa pamoja, kwa kuwa milima hii haina mbwa ambaye hajawahi kupigwa. Ukikimbia, umekwisha. Ukipiga kelele, umewafurahisha. Wazee wanainama, wajawazito wanainama, hata fakihi na kilemba chake anainama, ingawa yeye huanza kuinama tangu mlangoni kwake.

Jumanne hiyo Tuda alipita na madumu yake ya maji, mtoto mgongoni. Mbwa wakaja mbio kama kawaida. Walipobakisha hatua ishirini wakasimama wote mara moja, kama waliogota kwenye ukuta. Hawakubweka. Wakanusa. Kisha yule mkubwa wao, mwenye jicho moja, akaufyata mkia akalala kifudifudi, na wengine wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye miiba ya zizi. Hawakuwa wakimtazama Tuda. Walikuwa wakitazama kitu kilichokuwa nyuma yake, kimo cha goti la mtu.

Aligeuka. Njia ilikuwa tupu.

“Leo hawakubweka,” alimwambia mama mkwe wake, Itto, aliyekuwa akichekecha unga wa shayiri uani.

“Akina nani?”

“Mbwa wa Addi. Wamelala chini kama mazulia.”

“Labda wamekuzoea,” Itto akasema. Akapiga chekecheo mara mbili. “Ingawa wale hawajamzoea hata Addi.”

Tuda akacheka kidogo. Hakusema kilichotokea Jumapili.

Tuda aliolewa kwetu kutoka upande wa pili wa mlima, ambako wasichana huchunga mbuzi kwa kombeo tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Mkono wake ulikuwa hatari. Angeweza kumpiga mbuzi kwenye pembe, upande anaoutaka, kutoka huku mpaka msikitini. Sisi huku hatupigi hivyo. Huku unatupa jiwe litue mbele ya miguu ya mbwa, na kabla ya kulitupa unasema Bismillahi, na korongoni wakati wa jua la utosi hutupi kabisa, kwa sababu saa hiyo korongo lina wenyewe, nao huvaa ngozi yoyote waipendayo. Tuda aliambiwa haya yote wiki ya harusi yake. Alicheka.

Basi Jumapili alichelewa chemchemini kwa umbea, akavuka korongo adhuhuri, jua limesimama, hakuna hata mjusi. Kutoka kwenye vichaka akachomoka mbwa jike wa rangi ya majivu. Hakuwa wa Addi, hakuwa wa mtu yeyote aliyemjua. Alikuja chini chini, kimya, meno nje. Tuda akainama. Mbwa hakusimama. Akainama tena, mpaka chini, safari hii akaokota, akalionyesha jiwe. Mbwa akazidi kuja. Na Tuda alikuwa na mtoto mgongoni. Akarusha kwa nguvu zake zote na kwa hasira yake yote, na jina la Mungu halikumjia mdomoni.

Mbwa akakwepa. Jiwe likampita, likazama vichakani, na huko pakatoka sauti kama ya chungu kinachopasuka, kisha mlio mdogo, mmoja tu.

Yule jike akasimama. Hakubweka wala hakuuma. Aliingia kichakani akatoka na kijibwa amekibeba kwa ngozi ya shingo, kichwa kinaning'inia. Akamtazama Tuda. Halafu akamtazama aliyekuwa mgongoni mwa Tuda, akamtazama muda mrefu, chuchu zake zimejaa mpaka zinadondosha. Matone ya maziwa yalianguka juu ya mawe ya moto, na hayakukauka.

“Mbwa tu,” Tuda alijiambia, akapanda ng'ambo bila kugeuka. “Mbwa wa mwituni.”

Sasa niwaambie kuhusu mtoto. Aliitwa Zayd, na alikuwa wa nne. Watatu waliomtangulia wako kule kilimani, chini ya vijiwe visivyo na majina. Baba yake, Bassou, alikuwa mjini akijenga nyumba za watu wengine, anapiga simu kila Ijumaa na swali lake ni moja tu: mtoto yu mzima? Zayd alikuwa ametimiza mwaka na miezi miwili, na kwa siku kumi alikuwa akitembea, hatua nne, hatua sita, huku Itto akimpigia makofi. Tuda hakuwa na kitu kingine duniani, na alijua hivyo.

Jumatano Zayd akaacha kutembea. Akarudi chini, lakini hakutambaa kwa magoti kama watoto. Alikwenda kwa viganja na nyayo, matako juu, na alikuwa mwepesi.

“Watoto hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele,” Itto akasema. Hakuonekana kama anayeamini.

Siku hiyohiyo mtoto akakataa ziwa. Aligeuza uso, akafunga mdomo. Tuda alipomkamulia maziwa midomoni, alipiga chafya akajipangusa kwenye mkeka. Alhamisi vilevile. Ijumaa matiti ya Tuda yalikuwa magumu kama mawe na homa imempanda, na mtoto hajala kitu. Lakini alikuwa ananenepa. Mashavu yaling'aa. Kila alasiri, baada ya watu kuamka usingizi wa mchana, pembe za mdomo wake zilikuwa na weupe ulioganda.

“Unampa nini?” Itto akauliza.

“Simpi kitu, mama.”

“Mtoto hanyonyi, hali, ananenepa. Kwa upepo?”

“Nimekwambia simpi kitu!”

“Usinipigie kelele. Na hili shuka lake umelifua wapi? Linanuka mbwa aliyenyeshewa.”

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mlozi ulipotoa maua.

Jumamosi asubuhi ndipo yalipodhihirika. Zayd alikuwa katikati ya ua akicheza na kijiko. Tuda akamwendea, akainama kumwinua.

Mtoto akapiga ukelele mkali, akajibana tumbo chini, akakimbia kwa miguu yake minne mpaka nyuma ya mtambo wa kufumia, na huko akajikunyata akitetemeka, macho juu, akinung'unika puani.

Chekecheo lilimponyoka Itto. Wanawake wawili wakatazamana. Walikuwa wameona jambo lile mara elfu moja, njiani, kila siku ya maisha yao.

“Inama tena,” Itto akanong'ona.

“Sitaki.”

“Inama nione, we Tuda.”

Tuda akainama, akagusa ardhi kwa vidole. Nyuma ya mtambo, mwanawe akalia kama aliyekwishapigwa.

Hapo Tuda akakaa chini akasema yote. Itto alisikiliza mpaka mwisho.

“Ulisema Bismillahi?”

Tuda akapangusa vumbi gotini.

“Nimekuuliza.”

“Sikusema.”

“Nilikwambia wiki ya harusi. Ukacheka, meno yote nje.” Itto alivaa shali yake, maana mjukuu ni mjukuu. “Namfuata fakihi.”

Fakihi akaja, akaandika karatasi, akaikunja, akamfunga mtoto shingoni, akanywa glasi tatu za chai. Mchana kila mtu alilala. Walipoamka karatasi ilikuwa mkekani, imetafunwa, imelowa mate. Fakihi alipoitwa tena alituma salamu kwamba goti linamuuma.

“Goti!” Itto akafyonza. “Basi kesho asubuhi namwendea Hadda. Wewe usimwache mtoto hata kwa kufumba jicho.”

Hadda ndiye anayeosha maiti za wanawake katika vijiji vyote vitano, na kwake ni mbali, nusu siku kwenda na kurudi. Kwa hiyo Jumapili, ilipofika adhuhuri, Tuda alikuwa peke yake. Alimlaza Zayd pembeni yake, akajifunika shuka, akaacha jicho moja wazi chini ya kope.

Kijiji kilinyamaza. Kuku walinyamaza. Kisha juu ya dari ya udongo akasikia kucha, tik, tik, tik, bila haraka, kama za mwenye nyumba anayekagua nyumba yake. Zikafika penye ngazi. Zikaanza kushuka, kidato kimoja, zinasimama, kidato kingine, na kwa kila kidato sauti ilibadilika, kucha zikawa visigino, visigino vikawa nyayo, mpaka iliyogusa sakafu ikawa ni nyayo tupu ya mtu, na ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa chumbani mpaka Tuda akaionja ulimini, akataka kupiga kelele na koo halikumtii, akataka kumshika mwanawe na mkono wake wa kulia, ule mkono wa kombeo, ukalala pale mkekani kama wa mtu mwingine, na kwa jicho lile moja akaona mgongo wa mwanamke aliyejitanda nguo ya rangi ya majivu ukipita mbele yake, ukaketi, akamsikia Zayd akicheka, kicheko kile cha kumtambua mtu, kisha ikaanza ile sauti ambayo mama yeyote anaijua hata usingizini, ya mtoto anayenyonya na kumeza, kunyonya na kumeza, kwa raha.

Mwanamke alikuwa akiimba polepole, bila maneno. Kisha wimbo ukakatika, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa analia.

Hilo ndilo lililomtia Tuda hofu kuliko kucha. Anayekuja kula hufukuzika. Anayekuja kulia amekuja kukaa.

Itto na Hadda walipoingia, Tuda alikuwa ameketi ukutani amempakata mtoto aliyeshiba, uso wake hauna damu. Alisimulia kwa kunong'ona. Hadda ni mwanamke mfupi, sauti yake kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alisikiliza huku akila lozi.

“Umekwenda kumhani?” akauliza.

“Nani?”

“Mfiwa. Umemuulia mtu mtoto wake, leo siku ya saba, na hujampa hata pole. Mimi kazi yangu misiba, sijaona adabu mbovu namna hii.”

“Hadda, alikuwa mbwa!”

“Sema tena kwa sauti, akusikie.”

Tuda akamkaza mtoto kifuani.

“Ana maziwa na hana mtoto,” Hadda akasema. “Wewe una mtoto. Kinachofuata kinahitaji fakihi? Leo anamfuata humu ndani. Kesho mtoto atamfuata yeye, kwa miguu minne, na hutamwona tena. Oka mkate, usitie chumvi, wale hawaigusi. Chukua na pande la sukari kama uendavyo msiba wowote. Usibebe kisu, wala pini ya shali. Kesho adhuhuri uwe korongoni.”

“Nitavamiwa na mbwa.”

“Utavamiwa, ndiyo. Wengi kuliko wa Addi. Usikimbie. Usiwatazame machoni. Usipige kelele. Na sikiliza vizuri, mwanangu: usiiname. Ukiinama, hata kwa kuweka mkate, atajua unaokota la pili.”

“Sasa mkate nitauwekaje chini bila kuinama?”

“Utakaa. Mgongo wima, viganja wazi, unashuka taratibu unaketi. Umewahi kumwona mtu amekwenda msibani akasimama?”

“Nikae chini, mbele ya mbwa wanaokuja mbio?”

“Ndiyo.”

“Wakinirarua?”

“Nitakuosha mwenyewe,” Hadda akasema, “na nitakuosha vizuri.”

Itto akauliza, kwa sauti ambayo Tuda hakuwahi kuisikia kwake, kama mtoto abaki nyumbani.

“Aende. Yule akimtaka atampata hata mkimfungia sandukuni. Afadhali aone mama yake amekuja na nini.”

Jumatatu, jua lilipofika utosini, Tuda alishuka korongoni, Zayd mgongoni, mkate na sukari vimefungwa kitambaani. Mbwa wa Addi walikuwa wamejificha zizini. Alipita kama anayepita makaburi. Itto na Hadda walibaki ukingoni.

Alisimama pale pale aliporushia jiwe. Vichaka havikutikisika. Kisha mtoto mgongoni akaanza kuhema haraka haraka, ulimi nje, na Tuda akaona vumbi.

Walitokea juu ya korongo, wa majivu wote, kumi, ishirini, akaacha kuhesabu, wakija bila sauti isipokuwa ya kucha juu ya mawe, na mbele yao yule jike, na kila kiungo cha Tuda, kila siku aliyoishi tangu akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, ilimwambia inama, inama, jiwe liko pale mguuni, la duara, la kutosha mkono, inama, na akahisi kiuno chake kikianza kukunjika chenyewe kama si chake, na vidole vyake vya kulia vikijifungua kupokea jiwe, na wao wamefika hatua ishirini, hatua kumi, anaona ufizi, anaona povu, na Zayd mgongoni akaanza kunung'unika kwa kukihisi kile kiuno cha mama yake kinavyokunjika, na ni mnung'uniko ule uliomrudisha, akanyoosha mgongo, akafungua viganja vyote viwili, akakunja magoti, akashuka, akashuka, uso wake ukawa sawasawa na meno yao, akaketi.

Pumzi zao zilikuwa usoni kwake. Hakuna aliyegusa.

Tuda akafungua kitambaa mapajani bila kuangalia chini.

“Mungu akupe subira,” akasema. Ndivyo tusemavyo, na sauti yake ilikuwa kama uzi. “Mungu akupe subira kwa mtoto wako. Ni mimi niliyemuua. Sikukusudia yeye, nilikukusudia wewe. Nami nimezika watatu. Sina la kujitetea.”

Mbwa wale waliachia njia. Aliyekuja kati yao alikuwa na miguu ya mtu, imejaa vumbi, na Tuda hakuthubutu kuinua macho juu ya magoti. Yakakunjika magoti yale. Naye akaketi, mkabala naye, kama wanavyoketi wanawake wawili matangani. Mkono wa kijivu ukamega mkate.

“Alikuwa amelala,” mwanamke akasema. Alitafuna polepole. “Sikutaka kukuuma. Nilikuwa nakuzuia njia tu, usimkanyage.”

Tuda akalia. Hawezi kueleza walikaa muda gani. Itto, kule ukingoni, anasema aliona mkwe wake ameketi peke yake mawe matupu yamemzunguka, anazungumza, ananyamaza, anaitikia kwa kichwa. Hadda hakusema aliona nini.

Mwishowe yule mwenzake akaegemea mbele, akapitisha mkono juu ya bega la Tuda, akamgusa mtoto shavuni.

“Nimemnyonyesha siku tano,” akasema. “Hajanyonya kwa hila, amenyonya akashiba. Mpeleke nyumbani. Lakini unajua amekuwa nani kwangu.”

“Najua,” akasema Tuda.

Alipofika ukingoni, Zayd alikuwa akilia kwa njaa. Akakaa papo hapo njiani akampa ziwa, naye akalikamata kama anayegombana nalo, Tuda akapiga ukelele wa maumivu na wa furaha vyote pamoja. Jioni mtoto alisimama, akashika ukuta, akapiga hatua tano. Tuda aliinama akamwokota, naye akacheka.

“Basi, yamekwisha,” Itto akasema.

Hadda alikuwa anafunga viatu vyake aondoke. “Mtoto akinyonya mara ngapi huwa ndugu wa kunyonya? Muulizeni fakihi, akipona goti. Siku tano, kila siku mpaka kushiba. Aliyenyonya ziwa la mtu ni mwana wa mtu huyo.”

“Lakini ameondoka!”

“Wewe ulipoolewa ukaondoka kwenu,” Hadda akasema, “mama yako aliacha kuwa mama yako?”

Miaka minne ikapita, hapakuwa na kucha darini wala harufu. Bassou alirudi kutoka mjini, na Zayd akatahiriwa kiangazi, mchana, ua umejaa. Wanawake wote wa kijiji walikuwapo, hata wenye kugombana. Mtoto akatolewa nje amevaa nguo nyeupe, analia kwa uchungu, akawekwa juu ya zulia, na Itto, nyanya mtu, akaketi kichwani pake kama malkia. Ngoma zikapigwa. Vigelegele vikapanda mpaka milimani, kisha, kama kawaida, vikatulia ili watu wavute pumzi.

Na kutoka korongoni vikaitikiwa.

Vilikuwa vya wanawake wengi, virefu, vya furaha. Hapa uani kila mmoja akamtazama jirani yake, na hakuna mwanamke aliyekosekana. Bassou akaweka glasi yake chini. Vigelegele vikaja mara ya pili, sasa viko chini ya zizi la Addi, na hakuna mbwa aliyebweka. Mara ya tatu kilikuwa kimoja tu, na kilipigwa ndani ya ukuta wa ua, na mtoto akanyamaza kulia, akageuza kichwa, akanyoosha mkono kwa mtu.

Wanawake walikuwa wameganda. Tuda peke yake alisimama. Akakaza utaji wake, akavuta pumzi, akapiga kigelegele kirefu cha kumjibu, kama unavyompokea jamaa aliyetoka mbali akachelewa shughuli.

“Nyamaza!” Itto akamvuta gauni, akinong'ona. “Nyamaza, we mwendawazimu, unamwita!”

“Simwiti, mama,” akasema Tuda. “Amekwishafika. Sogea kidogo, mpishe mwenzangu aketi kwa mtoto wake.”

Na Itto, ambaye katika umri wake wote hakuwahi kumpisha mtu, akasogea.